Nilivyounga muziki mnene kwa hela kiduchu pale Igoma, nikamwita fundi mwizi kabla ya kufungua boksi

Mkuu, kama una spika inaimba karibu yako sasa hivi, punguza sauti kidogo unisikilize.

Na wengine wote humu ndani, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Hii niliyoileta ilinipata mimi mwenyewe. Palipo na aibu yangu nimepaacha palivyo, sijapapaka rangi.

Ni miaka mingi imepita lakini nikikumbuka kilichotoka kwenye lile boksi mbele za watu, mwili bado unanisisimka.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria ndiyo limeshika kasi. Mwanza ilikuwa imefunguka ghafla. Vitu ambavyo zamani tuliviona kwa wakubwa tu vikawa vimepangwa chini kwenye turubai, mitumba ya nguo upande huu, mitumba ya redio upande ule.

Mimi nilikuwa kijana, nimepanga chumba kimoja Igoma, kazi yangu kupaki minofu ya sangara kiwandani. Mshahara wenyewe ulikuwa wa kuishi, siyo wa kujivunia.

Lakini nilikuwa na ugonjwa mmoja. Muziki.

Siyo muziki wa kupiga kelele. Nilitaka nikikaa kitandani kwangu nisikie gitaa la besi likitembea, nisikie mpiga tumba anavyogusa ngozi kwa ncha ya kidole. Wapangaji wenzangu walikuwa wananunua zile redio mpya za plastiki kutoka Dubai, zina taa nyekundu na kijani zinazochezacheza. Ukiziwasha zinapendeza kama harusi, ukizisikiliza ni bati tupu.

Nikaamua nitaunga wangu. Kipande kwa kipande.

Hapa ngoja nisimame kidogo niwaeleze vijana, maana swali hili huwa linarudi sana humu: ukiwa na hela ndogo unaanza na nini?

Unaanza na spika. Amplifaya ni msuli, kaseti ni kumbukumbu, lakini spika ndiyo mdomo. Mtu mwenye akili nyingi na mdomo mbovu humuelewi. Tafuta spika nzuri iliyotumika, hata kama sura yake imechoka. Vingine vitafuata polepole.

Mimi bahati ilinidondokea. Kulikuwa na ukumbi mmoja wa dansi mjini ulikuwa unafungwa, wenyewe wanauza kila kitu mpaka viti. Nikapata spika mbili za inchi kumi, za zamani, nzito kama lile jiwe la Bismarck pale ziwani. Kwa nyuma, kwenye sumaku, watu wa ukumbi walikuwa wameandika herufi mbili kwa rangi nyeupe, B na K, kwa mkono uliopinda. Nilizibeba kwenye baiskeli mpaka Igoma kwa miguu, naisukuma, naogopa hata kupanda.

Miezi miwili mbele nikapata amplifaya ya Kijapani kwenye mitumba. Nilifurahi mpaka nikasahau kula. Nikaipeleka moja kwa moja kwa fundi redio wa pale mtaani ili aniwashie, kwangu umeme ulikuwa umekatika.

Huyu fundi ndiye mtu wa habari hii. Alikuwa anaitwa Mafuru, mtu wa Ukerewe, umri wa miaka arobaini hivi, mpole, anaongea kama anayepima maneno kwenye mizani ya dhahabu. Alikuwa na meza moja chini ya kibanda cha bati kwenye safu ya mafundi, kati ya fundi baiskeli mmoja mzee na mama aliyekuwa anauza chai na maandazi, tukimwita Mama Rehema.

Nimefika, shikamoo fundi, marahaba kijana, naona soketi, nachomeka.

Sikuona mkono wake ulivyotoka. Nilichoona ni waya umeshachomolewa na fundi amenikazia macho.

"Kijana wangu, unasoma?"

"Nasoma, fundi."

"Soma hapo nyuma."

Nikasoma. Palikuwa na namba mia moja na herufi V.

"Huko kwao umeme ni huo. Wetu ni zaidi ya mara mbili ya huo. Ungewasha, ungesikia wimbo mmoja tu, na wimbo wenyewe ni puu!"

Mama Rehema akacheka mpaka akashika birika. "Fundi, ungemwacha apigie wimbo wake! Sisi tungecheza!"

Jasho langu la miezi miwili lingekuwa moshi. Fundi Mafuru akanitafutia transfoma ya kushushia umeme kutoka kwenye makorokoro yake, akaifunga, amplifaya ikawaka taa yake ndogo ya njano. Hakunifokea. Alinieleza kila waya unakwenda wapi, kana kwamba mimi ndiye nimeajiriwa pale.

Kumbukeni hilo, wakuu. Mtu huyu aliniokoa siku ya kwanza tu.

Kuanzia hapo kila nikitoka kazini napita kwake. Kiwandani walikuwa wameleta mashine mpya, zimekuja kwenye makasha makubwa ya plywood. Nikaomba mbao zile, nikapewa. Fundi akanichorea vipimo vya maboksi mawili, seremala akayakata.

Kwa asiyejua kwa nini spika inahitaji boksi: spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Ikiwa wazi, hewa ya nyuma inazunguka inaiua ya mbele, na besi inapotea. Boksi linazitenganisha. Halafu unatoboa tundu moja la duara, ukubwa wa kikombe, ili ile hewa ya nyuma itoke kwa mpango na kuongeza besi. Sisi tuliliita tundu la besi.

Fundi alikaa na spika zangu siku mbili. Alibadilisha nyaya ndogo zinazoingia kwenye koili kwa sababu zilikuwa zimekakamaa, akaweka twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, na kapasita yake. Akanirudishia.

"Sasa ndani ya boksi," akaniambia, "ubandike kitu laini kwenye kuta zote. Sauti ikigonga mbao tupu inarudi na makelele. Nenda kwa wale wanaoshona magodoro, nunua mabaki ya sponji."

Nikamjibu, "Sawa fundi."

Lakini moyoni nikacheka.

Mimi Msukuma. Nyumbani kwetu ni kule Kisesa, ukitoka Bujora unakatiza mashamba. Baba yangu kalima pamba tangu sijazaliwa. Mwaka ule wanunuzi binafsi ndiyo walikuwa wameanza kuja na magari yao, lakini walikuwa wanachelewa, kwa hiyo pamba ilikuwa imejaa sebuleni mpaka wageni wanakalia robota. Halafu mimi, mtoto wa nyumba ile, niende kununua vipande vya sponji? Kitu laini? Nani wa kumfundisha Msukuma kitu laini?

Jumamosi nikapanda gari kwenda nyumbani. Baba yuko nje anasokota kamba.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Umekuja kusalimia au umekuja kuchukua?"

"Vyote viwili. Naomba pamba kidogo."

"Ya kidonda?"

"Ya redio."

Mzee aliacha kamba. Akaniuliza kama kiwandani tunapata muda wa kulala. Mwishowe akasema chukua, lakini usiniambie tena ya nini, nisije nikalazimika kuwaeleza watu.

Nikajaza mfuko mmoja wa sandarusi. Pamba nyeupe, nzuri, kama ilivyotoka shambani, na mbegu zake ndani.

Nimewaambia nitasema palipo na aibu. Mbegu zake ndani.

Nilirudi Igoma, nikashindilia kila boksi, nikafunga skrubu mwenyewe, chumbani kwangu, mlango umefungwa. Fundi hakuona. Sikumwambia. Nilitaka siku moja aje asikie halafu nimtambie.

Jumapili mchana baada ya ibada nikaunganisha redio kaseti yangu ya zamani kwenye amplifaya, nikawasha.

Wakuu, nilikaa chini sakafuni. Kaseti ileile niliyokuwa nayo miaka mitatu, nikasikia mtu anakohoa katikati ya wimbo! Anakohoa, kwa mbali, upande wa kushoto. Miaka mitatu yule mtu alikuwa anakohoa na mimi sijui. Besi ilikuja kupitia sakafu ikapanda mgongoni.

Wapangaji walikuja mmoja mmoja wakasimama mlangoni. Jirani yangu wa redio ya taa za kijani alisikiliza nyimbo mbili, akaondoka bila kuaga.

Fundi Mafuru naye alipita akasikiliza. Akafumba macho. Alisema neno moja tu, "Hapo," akanipa mkono.

Raha hiyo ilidumu kama mwezi na nusu.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Kwanza vikwaruzo. Nikadhani ni kaseti, nikasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti. Vikwaruzo vikabaki. Halafu boksi la kushoto likaanza kupiga kama mtu anayepepea karatasi ngumu. Besi ikapungua, ikapungua, mpaka siku moja nikawasha nikasikia bati. Ile bati ya Dubai. Na la kulia nalo likafuata.

Nilichanganyikiwa. Nikamsimulia mwenzangu mmoja kiwandani tukiwa tunapaki.

Hakufikiria hata dakika. "Uliziacha kwa fundi siku mbili?"

"Ndiyo."

"Basi zako ziko kwa mtu mwingine. Mafundi redio ndivyo walivyo. Anatoa orijino, anakuwekea mzoga uliopakwa rangi. Unaimba mwezi, unakufa."

Wakuu, sijui kwa nini neno baya linaingia haraka hivyo. Lilikaa. Nikakumbuka siku mbili zile. Nikakumbuka alivyofumba macho aliposikiliza, nikasema kumbe alikuwa ananidhihaki.

Sikuenda kumuuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kutoka chumbani kwangu hadi mezani kwake ni mwendo wa kumaliza muwa mmoja, na sikwenda. Badala yake nikasema kiwandani. Nikasema kwenye kwaya ya kanisani, baada ya mazoezi. Nikasema jioni nilipokuwa nakunywa soda, wenzangu wanakunywa bia. Kila nikisema linanoga zaidi. Mwisho nikawa nasema kama mtu aliyeona kwa macho.

"Mafuru? Usipeleke kitu kwa Mafuru. Mwizi wa spika yule."

Wiki tatu hivi zikapita. Siku moja natoka kazini, Mama Rehema akanisimamisha. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Maduhu. Fundi anafunga meza."

"Anafunga kwenda wapi?"

"Kwao Ukerewe. Watu wamekuja kuchukua redio zao, hata ambazo hajazigusa. Kuna mtu wa ng'ambo ya ziwa, wa Kamanga, alikuwa ampe kazi ya kufunga vyombo vya ukumbi mzima, amemletea ujumbe aache. Leo tangu asubuhi hajashika hata bisibisi. Wanasema maneno yametoka kwako."

Nilijifanya jasiri.

"Na anasema," akaendelea, "kesho ulete spika zako hapa, zifunguliwe mbele za watu. Usipoleta, atajua ulisema uongo."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nilikodi mkokoteni, nikapakia maboksi yote mawili. Niliyabeba nikiwa na uhakika. Naomba mnielewe vizuri, nilikwenda pale kama mshtaki.

Safu nzima ilikuwa imesimama. Fundi baiskeli, seremala, washona viatu, wateja, wapita njia. Fundi Mafuru alikuwa amevaa shati safi. Vyombo vyake vingine tayari vilikuwa kwenye sanduku, limefungwa kamba.

Nilimwamkia kwa mazoea. Aliitikia. Kisha akasimama mbele ya watu.

"Maduhu, spika ulizonunua kule ukumbini zilikuwa na alama gani?"

"Herufi mbili nyuma ya sumaku. B na K. Rangi nyeupe."

"Zimeandikwaje?"

"Kwa mkono. K imelala kidogo."

"Watu mmesikia?"

Wakasema tumesikia.

"Boksi nani alilifunga?"

"Mimi."

"Mimi nimewahi kuligusa tangu ulifunge?"

"Hapana."

Akanipa bisibisi. Hakutaka kushika yeye. "Fungua mwenyewe."

Nilianza na la kushoto. Skrubu nane. Ya nane ilipotoka, nikaingiza vidole pembeni, nikaivuta spika.

Kitu kikanipita juu ya mkono.

Nilipiga kelele, wakuu. Kelele ya mtoto. Nikaiachia spika ikaning'inia kwa nyaya zake, na kutoka kwenye lile shimo wakatoka panya. Siyo mmoja. Watano, sita, sijui, wanamwagika kama dagaa kwenye ndoo iliyopinduka. Mmoja akapanda mguu wa seremala, seremala akapanda juu ya benchi. Mmoja akaenda moja kwa moja kwenye beseni la Mama Rehema.

"Maandazi yangu! Maduhu, umeniletea nini? Maandazi yangu jamani!"

Watu walikimbia, wakarudi. Wakainama kuangalia.

Pamba ya baba yangu ilikuwa imetafunwa na kusokotwa ikawa kiota, na katikati ya kiota kulikuwa na watoto wa panya, wekundu, macho hayajafunguka, wanachezesha miguu. Chini kabisa palikuwa na maganda ya mbegu za pamba, kiganja kizima, kama maganda ya karanga yanayobaki mtu akimaliza kutafuna.

Walikuwa wameingia kwa tundu la besi. Mlango wa duara, ukubwa wa kikombe, tumewatengenezea sisi. Ndani chakula kipo, kitanda kipo, na nikiwasha muziki wanapata na joto.

Nikageuza spika. Ile karatasi nyeusi ya mbele, koni, nusu yake haipo. Imeliwa kuanzia ukingoni, imechanika kama jani la mgomba baada ya upepo. Ndiyo iliyokuwa inapiga karatasi. Nyuma yake, kwenye sumaku, B na K. K imelala kidogo.

Sikuwa na haja ya kufungua la pili. Nililifungua hivyohivyo. Mambo yaleyale.

Nilisikia birika linachemka.

Fundi Mafuru akachota pamba kidogo kwa vidole viwili, akaiangalia, akatoa mbegu moja, akaiweka kwenye kiganja chake.

"Maduhu," akaniambia taratibu, "mimi nilikwambia uweke nini?"

"Sponji."

"Hii nani kaiweka?"

"Mimi."

Hapo ndipo kicheko kilipoanguka. Mama Rehema alikuwa wa kwanza. "Wasukuma na pamba yenu! Mpaka redio mnailisha!" Mwingine: "Kumbe alikuwa anafuga!" Mwingine: "Ndiyo maana ilikuwa inaimba vizuri, kwaya ilikuwa ndani!"

Mimi sikucheka, na fundi hakucheka. Nilitazama lile sanduku lake lililofungwa kamba. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka panya walipotoka. Nilikuwa nimekaribia kumfukuza mtu mjini. Mtu aliyenishika mkono nisiunguze mali yangu.

Fundi baiskeli, ambaye ni mzee wa kwetu, akakohoa. "Huku Usukumani," akasema, "mtu akimchafua mwenzake bure, anatozwa mchenya."

Kwa wasiojua, mchenya ni faini ya kimila. Haiwekwi mfukoni mwa mtu, inaliwa na wote waliokaa kwenye shauri. Mara nyingi ni mnyama.

"Mbuzi," akasema seremala, bado yuko juu ya benchi.

"Mbuzi! Na beseni jipya la maandazi," akasema Mama Rehema.

Nikasema nakubali. Ningekubali hata ng'ombe.

Fundi Mafuru akainua mkono. "Mimi mbuzi sitaki. Mbuzi mtamla leo, mtashiba, kesho kule kiwandani bado wanasema Mafuru mwizi. Nataka arudi kila aliposema. Kila mahali. Aende na hiyo spika mkononi, aseme kwa mdomo uleule."

Yule mzee akafikiri. Akasema, "Hiyo ni nzito kuliko mbuzi." Wakakubaliana.

Nikaanza Jumatatu kiwandani, muda wa chakula. Nilisimama juu ya kreti na spika iliyotafunwa. Nikasema mimi Maduhu nilisema Fundi Mafuru kaniibia, nilisema uongo, ni panya, na panya niliwaita mwenyewe kwa mbegu za pamba. Yule mwenzangu aliyenipa wazo aliangalia sahani yake mpaka nilipomaliza.

Kwenye kwaya nilidhani itakuwa rahisi, watu wa Mungu wale. Ilikuwa mbaya zaidi. Mama mmoja wa sauti ya pili aliniambia, "Lakini mimi nimeshamwambia dada yangu, na dada yangu ana duka." Nikauliza duka liko wapi nimfuate. Nikamfuata. Dada naye alikuwa amemwambia mteja. Nikamfuata mteja.

Wakuu, nilikuwa nimesema sehemu tatu. Nilipohesabu nilipotakiwa kufika, zilikuwa kumi na moja. Nilishika kichwa.

Ya kumi na moja ilikuwa ng'ambo. Yule mtu wa Kamanga, mwenye ukumbi. Nilivuka na kivuko asubuhi, spika imefungwa kwenye kanga ya jirani, abiria wananiuliza nauza nini.

Nilimkuta yule mzee anasimamia watu wanapaka chokaa. Nikamwamkia, nikafungua kanga, nikaeleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaigeuza ile spika, akapitisha kidole palipotafunwa. Akacheka sana, akaita vijana wake waje waone.

Halafu akaacha kucheka.

"Kwa hiyo fundi hakuiba."

"Hakuiba, mzee."

"Kijana, kazi yangu nimeshampa mtu mwingine. Ameshaanza, ameshafunga nusu. Siwezi kumtoa naye hana kosa."

Alinionyesha kwa mkono. Ndani ya ukumbi, juu ya ngazi, kulikuwa na fundi mwingine anavuta nyaya, anapiga mluzi.

Nilirudi kwenye kivuko nikiwa nimeibeba spika kifuani. Nilijua sasa nina kitu cha kwenda kumwambia Fundi Mafuru ambacho hakuna mbuzi angekilipa.

Nilimwambia. Alikuwa anachomea waya, moshi wa lehemu unapanda. Hakuinua kichwa.

"Hiyo ndiyo nilikuwa naitegemea nijenge kwetu," akasema. Akapuliza ile sehemu aliyochomea ipoe. "Basi. Umekwenda. Wengine hawaendi."

Kulikuwa na redio nne mezani siku ile. Wiki iliyofuata saba. Watu walirudi, wengine kwa ajili ya kuja kuona fundi wa panya, lakini walirudi, na lile sanduku lilifunguliwa kamba. Hakuondoka Igoma. Lakini nyumba ya Ukerewe alichelewa kuijenga miaka mingi, na mimi nilikuwa naijua sababu kila nilipokuwa nampita.

Baba nilimsimulia pia. Alinisikiliza, akaniuliza, "Wale paka wangu wanaolala juu ya pamba, ulifikiri wanapenda starehe?"

Spika zangu Fundi alizitengeneza mwenyewe. Alikata koni mpya kwa karatasi ngumu, akaunganisha na mabaki ya zile za zamani kwa gundi, safari hii mimi nikiwa nimekaa pembeni namshikia taa. Zikaimba. Siyo kama mwanzo. Yule mtu wa kukohoa sikumsikia tena vizuri.

Sasa niseme nilichojifunza, kwa vijana mnaoanza leo.

Muziki mzuri kwa hela ndogo unawezekana kabisa, msikatishwe tamaa. Nunua spika kwanza, hata kuukuu. Soma nyuma ya kila kitu cha mtumba kabla ya kuchomeka. Boksi liwe la mbao ngumu, ndani bandika sponji au blanketi kuukuu, kitu kisicholiwa. Tundu la besi lizibe kwa kipande cha wavu wa dirishani, hewa itapita, mnyama hatapita. Na sauti ikibadilika, bisibisi kwanza, mdomo baadaye.

Mdomo ndio ulionishinda mimi. Spika zangu nilizifungua kwa skrubu nane tu. Maneno niliyoyatoa yalinichukua miezi miwili na kivuko, na moja, lile la Kamanga, sikulirudisha.

Wenye visa vyenu vya kuunga muziki enzi hizo, au maswali ya maboksi, wekeni hapa chini nitajibu kila mmoja, sina haraka.

Ila wewe ambaye umesoma mpaka hapa na kuna fundi, au mtu yeyote, umemkumbuka njiani: usianze kuandika. Vaa viatu, nenda kwake leo, mwambie. Ukirudi ndiyo utuandikie.